Dušan wa Serbia: Kaisari aliyeikosa Konstantinopoli

SIKU ya Pasaka, Aprili 16, 1346, katika mji wa Skopje ambao leo ni makao makuu ya Macedonia Kaskazini, mfalme wa Serbia aliyekuwa na umri wa miaka karibu 38 alivikwa taji la ukaisari. Jina lake la kifalme lilikuwa Stefan Uroš wa Nne, ingawa historia inamfahamu zaidi kwa jina la Dušan.

Waliohudhuria walikuwa watu wazito. Alikuwapo Patriarki wa Bulgaria, Askofu Mkuu wa Ohrid na wawakilishi wa watawa wa Mlima Athos, rasi iliyoko Ugiriki ambayo kwa Wakristo wa Mashariki ni miongoni mwa mahali patakatifu kupita pote. Aliyekosekana ni Patriarki wa Konstantinopoli, naye ndiye ambaye ridhaa yake ingemaliza ubishi wote.

Kukosekana kwake hakukuwa jambo la itifaki tu. Kwa mtazamo wa Wabizanti, Ukristo wote ulikuwa na kaisari mmoja wa halali, mrithi wa makaisari wa Roma ya kale, na kiti chake kilikuwa Konstantinopoli, jiji ambalo leo linaitwa Istanbul. Dušan alijitwalia cheo cha kaisari wa Waserbia na Wagiriki huku jiji lenyewe likiwa mikononi mwa wengine.

Miaka tisa iliyosalia ya uhai wake aliitumia, kwa sehemu kubwa, kulisaka jiji hilo. Hakulipata. Na haikutimia hata miaka 26 tangu sherehe ya Skopje, dola aliyoiasisi ikawa imekwisha.

Dušan alizaliwa karibu mwaka 1308 katika ukoo wa Nemanjić, uliokuwa ukiitawala Serbia tangu karne ya 12. Ukoo huo ulitoa watakatifu wengi wa Kanisa la Kiorthodoksi la Serbia. Pamoja na utakatifu huo, ulikuwa ukoo ambao baba na mwana hawakulala usingizi kwa amani chini ya paa moja.

Babu yake, Mfalme Milutin, aliasiwa na mwanawe mwenyewe, Stefan, mwaka 1314. Uasi uliposhindwa, Milutin aliamuru mwanawe apofushwe macho, kisha akampeleka uhamishoni Konstantinopoli pamoja na mke na watoto. Mmoja wa watoto hao alikuwa Dušan, aliyekuwa na umri wa miaka kama sita.

Hivyo basi, mtu aliyekuja kuwa tishio kubwa kwa Dola ya Bizanti alikulia katika mji mkuu wa dola hiyo. Kwa takriban miaka saba alijifunza Kigiriki, akaona taratibu za kasri na ibada chini ya kuba la Hagia Sophia, kanisa ambalo wakati huo halikuwa na mfano katika nchi za Waorthodoksi.

Lakini fahari hiyo ilikuwa imechakaa. Mwaka 1204 Wapiganaji wa Msalaba kutoka Ulaya Magharibi waliuvamia mji huo na kuupora. Ulikombolewa mwaka 1261, ila dola haikurudia tena nguvu zake. Hazina ilikuwa imepungua, biashara ilishikwa na Waitalia wa Venice na Genoa, na ng'ambo ya mlango wa bahari, katika ardhi ambayo leo ni Uturuki, watawala wa Kituruki walikuwa wakiyameza majimbo moja baada ya jingine.

Milutin alipofariki mwaka 1321, Stefan aliyedhaniwa kuwa kipofu alijitokeza na kutangaza kwamba macho yake yameponywa kwa muujiza. Wapo wanahistoria wanaoamini kuwa waliotumwa kumpofusha hawakuikamilisha kazi hiyo. Vyovyote ilivyokuwa, wananchi waliupokea muujiza, na Januari 1322 akatawazwa. Dušan, akiwa kijana wa miaka 13 au 14, alitawazwa siku hiyo hiyo kuwa mfalme kijana, yaani mrithi wa kiti.

Baba huyo anajulikana katika historia kwa jina la Stefan Dečanski, kutokana na monasteri ya Dečani aliyoanza kuijenga mwaka 1327 katika eneo ambalo leo ni Kosovo.

Jina la Dušan lilianza kuvuma Julai 28, 1330, kwenye mapigano ya Velbažd, karibu na mji wa leo wa Kyustendil nchini Bulgaria. Akiongoza kikosi kilichojumuisha mamluki kutoka Ulaya Magharibi, alilisambaratisha jeshi la Bulgaria, na mtawala wa nchi hiyo, Mikhail Shishman, alipoteza maisha. Tangu siku hiyo Serbia ikawa ndiyo dola yenye nguvu zaidi katika Balkani.

Ushindi huo, badala ya kuwaunganisha baba na mwana, uliwagawa. Makabaila vijana walitaka vita iendelee kuelekea kusini, kwenye ardhi tajiri za Bizanti, nao waliona mfalme anasitasita. Wakamwendea Dušan.

Mwaka 1331 Dušan alitoka Skadar, mji ambao sasa unaitwa Shkodër nchini Albania, akaivamia kasri ya baba yake. Mzee alikimbilia ngomeni, akazingirwa, akakamatwa Agosti. Septemba 8 mwaka huo huo Dušan alivikwa taji. Novemba 11, Stefan Dečanski alifariki akiwa mfungwa katika ngome ya Zvečan, na habari zilizoenea ni kwamba alinyongwa.

Iwapo mwana alitoa amri, au aliwaachia makabaila wafanye walivyotaka, ni suala ambalo limejadiliwa kwa karne nyingi. Lisilo na mjadala ni kwamba hakuna aliyeadhibiwa kwa kifo hicho. Dušan aliikamilisha monasteri ya Dečani, akamzika baba yake humo, na Kanisa likamtangaza marehemu kuwa mtakatifu. Mwana hakupata heshima hiyo, tofauti na watawala wengi wa ukoo wake.

Makabaila waliomweka madarakani walidai malipo yao, nayo yalikuwa vita. Mwaka 1334 Dušan aliingia Macedonia akisaidiwa na jenerali wa Kibizanti aliyeasi, Syrgiannes, akajitwalia Ohrid, Prilep na Strumica kabla ya kufunga mapatano na Kaisari Andronikos wa Tatu. Kabla ya hapo, mwaka 1333, aliwauzia wafanyabiashara wa Dubrovnik rasi ya Pelješac na mji wa Ston kwa sarafu 8,000 na kodi ya sarafu 500 kila mwaka.

Mauzo hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa yanaonyesha akili ya Dušan ilielekea wapi. Aliacha pwani ya kaskazini magharibi, ambako Dubrovnik ilikuwa mlango wa biashara na bahari, akapeleka macho kusini kwa Wagiriki. Fedha hakukosa. Migodi ya Novo Brdo na Trepča, iliyochimbwa kwa ustadi wa wachimbaji wa Kijerumani, ilitoa fedha na dhahabu za kuwalipa mamluki. Merikebu ndizo alizokosa, na hilo lilikuja kumgharimu.

Nafasi aliyoingojea ilikuja Juni 1341, Andronikos wa Tatu alipofariki na kumwacha mtoto wa miaka tisa, Yohane wa Tano. Upande mmoja wakajipanga mama wa mtoto, Anna wa Savoy, na Patriarki wa Konstantinopoli. Upande wa pili akasimama Yohane Kantakouzenos, rafiki na msaidizi mkuu wa marehemu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata vilidumu miaka sita.

Mwaka 1342 Kantakouzenos, akiwa amezidiwa, alikimbilia kwa Dušan kuomba msaada. Alipokewa kwa heshima kubwa, akakaribishwa karibu na Pristina, na mkataba ukafungwa. Mwaka uliofuata mkataba ulikuwa umevunjika na Dušan amehamia upande wa Anna na mwanawe. Kwa hakika hakuwa upande wa yeyote. Kila upande ulipomwomba msaada, yeye alizidi kuiteka miji ya wote wawili.

Kantakouzenos naye akatafuta rafiki mwingine. Akawaita Waturuki, kwanza Umur wa Aydin, kisha Orhan, mtawala wa Waosmani, ambaye mwaka 1346 alimwoza binti yake Theodora. Wabizanti na Waserbia waligombania nyumba, na mgeni aliyeitwa kusaidia ugomvi akaizoea njia ya kuingilia.

Septemba 25, 1345, mji wa Serres uliangukia mikononi mwa Dušan baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu. Watawa wa Mlima Athos wakaukubali utawala wake. Miezi saba baadaye alikuwa Skopje akivikwa taji. Ili taji hilo lipate wa kulibariki, kwanza Askofu Mkuu wa Serbia, Joanikije, alipandishwa kuwa Patriarki, cheo ambacho kwa sheria za Kanisa hakikuweza kutolewa bila idhini ya Konstantinopoli. Mkewe, Jelena, dada wa mtawala wa Bulgaria, akawa kaisarina, na mwanawe Uroš, mtoto wa miaka kama kumi, akaitwa mfalme.

Kisha likaja balaa ambalo silaha hazikuliweza. Mwaka 1347 tauni iliingia Konstantinopoli na kusambaa hadi bara. Dušan na mkewe walikwenda Mlima Athos, wakakaa huko kwa miezi kadhaa wakiitunukia monasteri ya Kiserbia ya Hilandar na nyinginezo ardhi na mali. Kwa kufika huko Jelena alivunja mwiko wa karne nyingi, maana Athos hairuhusu mwanamke kukanyaga, kanuni inayoshikwa hadi leo.

Tauni iliwapunguza watu na watawala wa Ugiriki ya kaskazini, na majeshi ya Serbia yakatumia mwanya huo. Kufikia mwaka 1348 Epirus na Thessaly zilikuwa zimetwaliwa, na dola ya Dušan ikaenea kutoka Mto Danube hadi karibu na Ghuba ya Korintho, kutoka Bahari ya Adriatiki hadi ya Aegean. Thessaloniki, mji wa pili wa Bizanti, ulibaki kisiwa katikati ya ardhi zake, ukipata chakula kwa njia ya bahari.

Mei 21, 1349, katika mkutano mkuu uliofanyika Skopje, Dušan alitangaza kitabu cha sheria, kilichoongezwa vifungu vingine mwaka 1354 huko Serres hadi kufikia karibu vifungu 200. Hakuna kazi ya mikono yake iliyodumu kuliko hiyo.

Ni sheria ya zama zake, na ukali wake unatisha. Adhabu za kukatwa viungo zimejaa humo. Mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya kabaila alitakiwa kumfanyia bwana wake kazi siku mbili kwa wiki, na akitoroka alipasuliwa pua. Hata hivyo, mkulima huyo huyo alipewa haki ya kumshitaki bwana wake, hata kaisari mwenyewe, endapo angedaiwa zaidi ya kilichoandikwa.

Kilichowashangaza wanasheria wa baadaye ni vifungu vinavyomhusu mtawala. Sheria iliwaagiza majaji kwamba kaisari akiandika barua kwa hasira, kwa mapenzi au kwa kumhurumia mtu, na barua hiyo ikapingana na kitabu, basi waifuate sheria na kuiacha barua. Wasihukumu kwa kumwogopa kaisari. Aliyetia muhuri maneno hayo ni mtu aliyempindua baba yake mzazi bila hukumu ya mahakama yoyote, na pengine ndiyo sababu alijua vyema kabisa ni nini hutokea mahali ambapo nguvu haina mpaka.

Kasoro kubwa ya kitabu hicho haikuwa ukali. Kiliandika mamlaka ya kaisari, kikaacha nguvu halisi kwa makabaila. Dušan aliwagawia majimbo mapya ndugu na majemadari wake: Epirus kwa kaka yake wa kambo Simeon, Thessaly kwa jemadari Preljub. Kila mmoja alikuwa na ngome zake, kodi zake na askari wake. Katika majimbo ya kusini aliwaachia Wagiriki sheria na taratibu zao. Kilichowaunganisha wote ni yeye mwenyewe, jitu refu la kimo ambalo wageni waliolitembelea hawakuacha kulisimulia.

Konstantinopoli ilibaki. Kuta zake za nchi kavu zilikuwa zimesimama tangu karne ya tano, na upande wa pili ni bahari. Bila merikebu hapakuwa na njia, na mwenye merikebu alikuwa Venice. Dušan aliwabembeleza Waveneti zaidi ya mara moja. Mwaka 1350 walimpa uraia wa heshima, yeye, mkewe na mwanawe. Merikebu hawakumpa. Wafanyabiashara hao waliona faida zaidi kwa Bizanti dhaifu inayowategemea kuliko kwa kaisari mpya mwenye nguvu.

Mwaka huo huo wa 1350 alikwenda kuipiga Bosnia, na alipogeuza mgongo Kantakouzenos akarejesha miji kadhaa ya Macedonia, ikamlazimu kurudi mbio kuikomboa. Kaskazini, Mfalme Louis wa Hungaria alikuwa akimnyemelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1350, Patriarki Kallistos wa Konstantinopoli alimtenga Dušan na Kanisa, pamoja na Patriarki aliyemtawaza.

Oktoba 1352, karibu na mji wa Didymoteicho katika Thrace, kikosi cha wapanda farasi wa Kiserbia waliotumwa kumsaidia Yohane wa Tano kilikutana na jeshi la Waosmani lililoongozwa na Süleyman, mwana wa Orhan, likimsaidia Kantakouzenos. Waserbia walishindwa vibaya. Hayo yanahesabiwa kuwa mapigano makubwa ya kwanza ya Waosmani katika ardhi ya Ulaya.

Machi 2, 1354, tetemeko la ardhi lilibomoa kuta za Gallipoli, mji wa ufukweni unaolinda njia ya kuvukia kutoka Asia. Wakazi walikimbia, Süleyman akaingia na watu wake. Walipotakiwa kuondoka, hawakuondoka.

Dušan aliielewa maana ya tukio hilo mapema kuliko watawala wengi wa Ulaya. Mwaka huo huo alituma ujumbe kwa Papa Innocent wa Sita, aliyekuwa akikaa Avignon nchini Ufaransa, akiahidi kuutambua ukuu wa Papa endapo angeteuliwa kuwa jemadari wa Wakristo dhidi ya Waturuki. Ikumbukwe kuwa sheria yake mwenyewe ya mwaka 1349 iliwaadhibu walioacha Uorthodoksi na kufuata imani ya Walatini. Mjumbe wa Papa alikuja, mazungumzo yakafanyika, lakini Hungaria ilikuwa tayari inajiandaa kwa vita naye na Dušan akapoteza hamu. Mpango ukafa.

Desemba 20, 1355, Dušan alifariki ghafla, akiwa na umri wa miaka 47 hivi. Alizikwa katika monasteri ya Malaika Wakuu aliyoijenga karibu na Prizren.

Kilichofuata hakikuhitaji adui wa nje. Uroš wa Tano, kijana wa miaka 19, alirithi cheo bila kurithi woga ambao watu walikuwa nao kwa baba yake. Simeon alijitangaza kaisari huko kusini. Mjane Jelena aliyekuwa ameingia utawa alijishikia Serres. Makabaila wengine hawakutangaza lolote, waliacha tu kuleta kodi. Mwaka 1365 mmoja wao, Vukašin Mrnjavčević, alifanywa mfalme mwenza, na ndugu yake Uglješa akachukua nafasi ya Jelena.

Ndugu hao wawili ndio pekee walioamua kwenda kumkabili Mwosmani kabla hajawafikia. Septemba 26, 1371, kwenye kingo za Mto Maritsa, karibu na Chernomen, jeshi lao lilishambuliwa usiku likiwa kambini. Wote wawili waliuawa. Makabaila wengine wa Serbia hawakuwa wamepeleka askari. Desemba mwaka huo Uroš alifariki bila mtoto, na ukoo wa Nemanjić ukakatika katika Serbia pamoja na dola.

Laana ya Kanisa iliondolewa mwaka 1375, miaka 20 baada ya aliyelaaniwa kuingia kaburini. Mapigano ya Kosovo ya mwaka 1389, ambayo Waserbia wanayakumbuka kuliko yote, yalipiganwa na vigogo wa mikoa iliyobaki. Skopje, mji wa taji, ulichukuliwa na Waosmani mwaka 1392. Konstantinopoli ilifuata mwaka 1453, na aliyeingia Hagia Sophia kama mshindi alikuwa Sultani Mehmed wa Pili, akiwa na merikebu na mizinga.

Mifupa ya Dušan ilifukuliwa na watafiti mwaka 1927 kwenye magofu ya monasteri yake, na tangu mwaka 1968 imehifadhiwa katika Kanisa la Mtakatifu Marko mjini Belgrade. Magofu hayo yako Kosovo, iliyojitangazia uhuru mwaka 2008, uhuru ambao Serbia imekataa kuutambua. Monasteri ya Dečani, alikolazwa baba yake, iliwekewa ulinzi wa askari wa NATO baada ya vita vya mwaka 1999. Ama mawe ya Malaika Wakuu, mengi yalibebwa hadi mjini Prizren karne nne zilizopita, na yamo katika kuta za msikiti wa Sinan Pasha uliojengwa mwaka 1615.